Doha, Paris au kwa jirani: wapi pa kujitolea nyuma ya pazia la mashindano ya kimataifa

Wengi huanza na jina. Wanataka Kombe la Dunia, wanataka Olimpiki, wanajaza fomu usiku huohuo, na miezi ikishapita ndipo wanaanza kuulizana watalala wapi. Mimi ningeanza na upande wa pili: kitanda kwanza, kazi ifuate, jina la mashindano mwisho kabisa. Anayejitolea halipwi mshahara. Atapewa sare, atalishwa akiwa zamu, na mara nyingi atapanda treni na mabasi ya mji bure. Hayo yanafanana karibu kila mahali. Kinachotofautisha mashindano haya na yale ni vitu usivyopewa.

Doha na Paris

Chukua Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 na Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Qatar ilihitaji watu 20,000, waliojiandikisha wakafika 420,000. Paris ilihitaji 45,000 kwa Olimpiki na Paralimpiki (michezo ya watu wenye ulemavu) pamoja, maombi yakazidi 300,000. Ukigawanya harakaharaka, Doha ilikuwa nafasi moja kwa watu 21, Paris nafasi moja kwa watu 7 hivi. Na kwa mtu wa Mombasa au Mwanza hesabu ya Doha ilikuwa ngumu kuliko hapo, maana sehemu kubwa ya wale 20,000 walikuwa tayari wakazi wa Qatar. Walioitwa kutoka nje ya nchi walikuwa kama 3,000 tu.

Lakini huyo aliyebahatika kuitwa alikuta kitanda kinamsubiri. Waandalizi wa Qatar waliwapa malazi waliotoka nje. Nauli ya ndege ikabaki mzigo wa mwenyewe. Viwanja vyote 8 vilikuwa ndani ya Doha au kandokando yake, hata vile viwili vilivyoachana zaidi, Al Bayt na Al Janoub, havikufika umbali wa kilomita 80. Ulilala sehemu moja mwezi mzima na kazini ukaenda kwa treni au basi.

Paris ilikuwa na mlango mpana, ila ukishaingia kila kitu ni juu yako. Nauli yako, chumba chako. Waandalizi walitaka mtu awepo kwa siku zisizopungua 10, na ukijumlisha siku ya kuchukua sare, mafunzo ya uwanjani na kupumzisha mwili baada ya ndege, ni wiki mbili za kulipia malazi katika mji ambao bei za vyumba zilikuwa zimepanda. Kwa hiyo Paris ilimfaa mtu wa aina moja hasa: mwenye ndugu huko. Ukiwa na binamu Saint-Denis, ulikuwa jirani wa Stade de France na wa kijiji cha wanamichezo. Asiye na ndugu alipaswa kuiangalia ramani vizuri, kwa sababu Olimpiki hiyo haikufanyika Paris peke yake. Mashindano ya mashua za matanga yalikuwa Marseille, kulenga shabaha Châteauroux, mpira wa mikono ulimalizikia pembeni mwa Lille, na soka lilitapakaa Lyon, Nice, Nantes, Bordeaux na Saint-Étienne. Anayeandika kwenye fomu kwamba yuko tayari kwenda mji mdogo hupunguza gharama na huongeza uwezekano wa kuchaguliwa. Sijui kwa nini watu hawalifikirii hilo. Wanataka picha ya Mnara wa Eiffel, nadhani.

Halafu kuna Paralimpiki. Paris iliifanya kuanzia Agosti 28 hadi Septemba 8, watalii wa Olimpiki wakiwa wameshaondoka. Kazi ni zilezile, mara nyingi kwenye viwanja vilevile, na kwa mtu anayetaka kufanya jambo lenye uzito, badala ya kusimama tu akionyesha vidole vya maelekezo, ningemwambia achague Paralimpiki bila kusita. Wanamichezo wanahitaji msaada wa kweli: vifaa vya kubeba, viti vya magurudumu na viungo bandia vya kupeleka karakana, njia za kukagua kabla hawajapita.

Kuna jambo moja linalochanganya watu kuhusu Qatar. Wengi wanamkumbuka Abubakr Abbas, kijana Mkenya aliyekaa kwenye kiti kirefu karibu na soko la Souq Waqif akielekeza mashabiki kituo cha metro kwa kipaza sauti mpaka dunia nzima ikaimba naye. Watu hudhani alikuwa amejitolea. Hapana, ile ilikuwa ajira. Kwenye mashindano makubwa walinzi, wasafishaji, wapishi na waelekezaji wengi wa njia huwa ni waajiriwa wa kampuni zenye zabuni, nao hulipwa. Kama unachotafuta ni ujira, tafuta huko, kwa mkataba wa kazi na viza ya kazi. Ukijitolea kwa matumaini kwamba mwishoni kutakuwa na bahasha, utaumia.

Viza

Barua ya kamati ya maandalizi inayosema umechaguliwa si viza, wala haimlazimishi ofisa wa ubalozi kukupa. Hapa nchi zinapishana sana. Qatar mwaka 2022 ilitumia kadi ya Hayya kama ruhusa ya kuingia kwa wageni wa mashindano, na hilo likafuta usumbufu mwingi. Ufaransa ni viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kama ya mgeni mwingine yeyote: ada ya yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu ya yuro 30,000 au zaidi, na uthibitisho wa mahali utakapolala. Unaona kitanda kimerudi tena. Asiyejua atalala wapi hana hata karatasi za kupeleka dirishani.

Uingereza ina kanuni yake ambayo huwapita wengi. Viza ya kawaida ya mgeni inaruhusu kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Kamati ya maandalizi ya mashindano si lazima iwe shirika la hisani, kwa hiyo swali la kuwaandikia waandalizi mapema ni hili: wageni wenu wa kujitolea wanaingia kwa viza gani?

Na jiandae kuulizwa utarudi lini na utarudia nini. Swali hilo lina historia. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast mwaka 2018 wanamichezo 8 wa Cameroon walitoweka kijijini. Birmingham mwaka 2022 wakatoweka baadhi ya watu wa msafara wa Sri Lanka. Wewe hukuwa nao, lakini ofisa anayesoma fomu yako anawakumbuka. Barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, au ya chuo yenye tarehe ya kufungua muhula, inasaidia kuliko maneno mazuri kuhusu mapenzi yako kwa michezo.

Kazi zenyewe

Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, na ndipo fomu nyingi hujazwa kizembe. Mtu anaandika "popote", anapangwa huduma kwa watazamaji. Hicho ndicho kitengo kinachomeza watu wengi kuliko vyote: kukagua tiketi, kuonyesha viti, kusimama kwenye ngazi umeupa uwanja mgongo huku nyuma yako wanashangilia bao usiloliona. Ni kazi ya heshima na mtu mchangamfu ataipenda. Lakini kama ulikwenda kwa ajili ya nyuma ya pazia, hiyo ni mbele ya pazia.

Kitengo cha usafiri hutafuta madereva wa kuwapeleka viongozi, waamuzi na wajumbe wa timu. Mswahili wa Kenya, Tanzania au Uganda ajiulize swali moja kabla ya kutia alama: usukani uko upande gani? Sisi tunaendesha kushoto mwa barabara. Uingereza, Japani na Australia pia. Qatar, Ufaransa, Senegal na Marekani wanaendesha kulia, na kulijifunza hilo kwenye mzunguko wa barabara sita ukiwa na kiongozi wa shirikisho nyuma si jambo la mzaha. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi hesabu yao ni kinyume. Na leseni yako ni lazima ikubalike nchi mwenyeji. Leseni ya kimataifa peke yake bila ile ya nyumbani haina kazi. Raha ya kitengo hiki ni mazungumzo ya garini. Karaha yake ni kusubiri: saa tatu hotelini, dakika ishirini barabarani, saa mbili tena uwanjani.

Kitengo cha vitambulisho hakina mvuto kwenye simulizi, nacho ni kizuri kwa mtu mwenye kazi nyumbani asiyeweza kuondoka mwezi mzima. Pilikapilika zake ziko kabla ya ufunguzi, wakati kila mwanamichezo, mwandishi na fundi anakuja kuchukua beji yake. Unakaa kwenye kiti, una kompyuta, na unajifunza haraka namna rangi na herufi za beji zinavyoamua nani anaingia wapi. Moto ukianza kuwaka uwanjani, kazi yako imepungua nusu na unaweza kuwa mtazamaji.

Kwa mtu anayependa riadha, ningetaja kazi mbili ambazo hazitajwi sana.

Ya kwanza ni ya wabeba vikapu. Kabla ya mbio, wanariadha hupita chumba cha kuitwa majina, ambako viatu, namba na mavazi yao hukaguliwa, kisha hutoka kwa mstari. Wakifika kwenye mstari wa kuanzia huvua nguo za kupashia mwili moto na kuzitupa kwenye kikapu, na kuna mtu nyuma ya kila kikapu anayekipeleka mpaka mwisho wa njia. Ni kazi ya dakika chache inayorudiwa siku nzima, na mara nyingi hupewa vijana wa klabu za mji ule. Ukiwa mgeni, uwezekano wa kuipata ni mdogo. Lakini chumba cha kuitwa majina huhitaji watu pia, na ukimya ulioko mle kabla ya fainali ya mita 100 hauuzwi kwa tiketi yoyote.

Ya pili ni ya wasindikizaji kwenye upimaji wa dawa zilizopigwa marufuku. Huhitaji kuwa daktari. Unahitaji kuwa mtu mzima, mtulivu, asiyebabaika mbele ya jina kubwa. Mwanariadha akimaliza mbio unamfuata, unamjulisha kwamba ameteuliwa kupimwa, anatia saini, na tangu dakika hiyo hatoki machoni pako mpaka kituo cha kupimia. Anaweza kwenda kupokea medali, anaweza kuzungumza na waandishi, anaweza kupoza mwili. Popote aendapo uko naye. Anywe kutoka chupa iliyofungwa. Mkojo unaotakiwa haupungui mililita 90, na mtu aliyetoka kukimbia kilomita 42 amekauka kama ubao, kwa hiyo usishangae mkikaa saa nyingi kwenye viti vya plastiki mkitazamana. Anayeshuhudia sampuli ikitolewa ni ofisa wa jinsia moja na mwanariadha, na wasindikizaji nao hupangwa hivyohivyo, ndiyo maana wanawake hutafutwa sana. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, ambako habari za wakimbiaji kufungiwa zimekuwa za kawaida, hii ni shule. Utajua kwa macho yako ni nini mkimbiaji safi anavumilia ili aitwe safi. Kama ningekuwa na nafasi moja tu ya kuchagua, ningechagua hii.

Ipo pia kazi ya msaidizi wa ujumbe wa nchi. Kwenye Olimpiki kamati ya kila taifa hupewa watu wa kujitolea wa mji mwenyeji wa kuisaidia: kupanga magari, kufuatilia mizigo iliyopotea, kumpeleka mchezaji hospitali, kumtafutia kocha adapta ya umeme saa nne usiku. Waandalizi humtaka mtu anayeujua mji na lugha ya ujumbe ule. Mswahili anayeishi ughaibuni, London, Toronto au Marseille, ana sifa zote mbili, na ujumbe wa Tanzania au Burundi wenye watu wachache humtumia kila kona. Anayetoka Dar kwa ndege hana faida hiyo ya kuujua mji. Basi hapo watu wawili wenye Kiswahili kilekile wanapaswa kuchagua tofauti.

Na Kiswahili chenyewe kina soko? Kidogo, kwa uaminifu. Vitengo vya lugha hutafuta kwanza Kifaransa, Kihispania, Kiarabu, Kichina, Kijapani. Beatrice Chebet alipotwaa dhahabu za mita 5,000 na 10,000 Paris, na Emmanuel Wanyonyi ile ya mita 800, eneo la mahojiano halikukwama kwa kukosa mkalimani. Wakimbiaji wengi wa Kenya hujibu kwa Kiingereza. Umuhimu wa Kiswahili huonekana mahali pengine: kwa daktari, kituo cha kupimia, au kwa mchezaji chipukizi anayetoka nje ya nchi mara ya kwanza. Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya dunia kwenye marathoni ya Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, mahojiano ya redio na televisheni za nyumbani yalikuwa ya Kiswahili, na hayo nayo huhitaji mtu wa kuyapangia nafasi katika msongamano ule. Kitaje kwenye fomu, lakini usikifanye ndiyo silaha yako pekee. Mtu wa Bukavu mwenye Kiswahili na Kifaransa ana bei kuliko mtu wa Nairobi mwenye Kiswahili na Kiingereza, maana Kiingereza kila mtu kwenye foleni anacho.

Kabla hujatuma fomu

Fomu hufunguliwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Ya Paris ilifunguliwa Machi 22, 2023 na kufungwa Mei 3, zaidi ya mwaka mzima kabla ya ufunguzi. Anayeanza kutafuta mashindano yakiwa kwenye matangazo ya televisheni amechelewa.

Na haina malipo. Qatar haikutoza, Paris haikutoza. Wakala anayekuomba ada ya kukuingiza kwenye orodha ya watu wa kujitolea ni tapeli, hata akiwa na ofisi yenye bendera na kalenda ukutani.

Kwa jirani

Safari ya mbali si lazima iwe ya kwanza. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Septemba 21 hadi 28, 2025, ya kwanza ya aina hiyo kwenye ardhi ya Afrika. Mtu wa Kampala au Bukoba aliweza kufika kwa basi, bila ubalozi, kwenye nchi ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Mbio za baiskeli zina tabu zake: mwenye kusimamia kivuko cha barabara anasimama juani asubuhi mpaka jioni, na kundi zima linampita kwa sekunde kadhaa. Lakini cheti kile, kikiambatanishwa na fomu ya mashindano makubwa zaidi, kina uzito ambao barua ya kusema "napenda michezo" haina.

Dakar nayo imepangiwa Olimpiki ya Vijana kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026, mashindano ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika, yakigawanywa kati ya Dakar, Diamniadio na Saly. Huko Kifaransa ndicho ufunguo. Wakongomani na Warundi wana nafasi nzuri. Mtanzania asiye na Kifaransa aangalie kwingine.

AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 imepangwa kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda, na nchi hizo tatu zilishafanya mazoezi Agosti 2025 kwa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mechi zikichezwa kwenye viwanja kama Kasarani, Mkapa, Namboole na Amaan. Kwa Mkenya au Mtanzania kujitolea kwenye uwanja wa mji wake si safari ya nje, ni basi la asubuhi; akitaka ya nje anaweza kuomba nchi ya pili kati ya hizo tatu. Timu nyingi za bara zinazungumza Kifaransa au Kiarabu, na hapo kijana wa Lubumbashi, Goma au Bujumbura anageuka lulu kwa kitengo cha timu: anamwelewa kocha, anamwelewa dereva, anamwelewa mpishi. Kwake gharama kubwa itakuwa chumba, na jambo la kutosahau ni cheti cha homa ya manjano, kwa kuwa anatoka nchi ambayo wasafiri wake hudaiwa cheti hicho mpakani. Chanjo ni ya mara moja na cheti hudumu maisha yote, ila huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo isisubiri wiki ya safari.